Pumzi za Kato

Katika zahanati ile ya mlimani, wilayani Muleba, kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, na Gaudiosa alikuwa amelivaa la kwake kwa miaka ishirini na sita. Hakuwa daktari. Alikuwa nesi, mzaliwa wa Izimbya, mjane mwenye miguu ya kuvimba jioni na saa ya kiume aliyoachiwa na marehemu mumewe. Saa ile ilikuwa na mshale mwekundu wa sekunde, na kwa mshale huo alikuwa amehesabu pumzi za watoto wengi kuliko waumini wote wa parokia yake. Mtoto akiletwa anakohoa, Gaudiosa alimfunua kifua, akamtazama kimya dakika nzima, na mama aliyethubutu kusema neno katikati ya dakika hiyo alinyamazishwa kwa jicho. Watu walimtania kwamba Ma Gaudiosa anasali rozari juu ya mbavu za watoto wao.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba mama huyu alikuwa mzembe. Angekuwa mzembe tungemlaumu, tukamaliza, tukaenda zetu nyumbani. Alikuwa hodari, na hodari akikosea hakuna anayemshuku mpaka maji yameshamwagika.

Kisha kikaja kishikwambi.

Kililetwa na Mujuni, kijana mtafiti aliyekuwa akikaa Kahororo, Bukoba mjini, mpole, mwenye viatu visivyofaa kabisa kwa matope ya huku. Alikaa na Gaudiosa siku mbili akimfundisha. Alieleza kwamba zamani kompyuta za namna hii zilikaa kwenye hospitali kubwa za ng'ambo zikiwashauri mabingwa. Baadaye zikaingia kwenye simu. Na sasa utafiti umezileta kwenye zahanati, kwa nesi aliye peke yake na foleni yake. Unaingiza umri wa mtoto, joto lake, pumzi zake kwa dakika, na kipimo cha malaria kimesemaje. Chombo kinakutajia ugonjwa na dawa. Taarifa zote zinakwenda mpaka hospitalini mjini, ili mtoto akipewa rufaa, daktari wa huko azikute zinamsubiri.

"Na kikikosea?" Gaudiosa aliuliza.

"Mama, zamani watafiti tuliuliza kama mashine inajua," Mujuni alijibu. "Hilo tumeshalipima sana. Siku hizi swali kubwa ni kama mhudumu anaifuata. Ukiiacha ukafanya lako, itakuuliza sababu, nawe utaiandika." Akatabasamu. "Tena inajifunza kutoka kwenu. Mnachoandika leo kitamsaidia mtoto wa kesho."

Kila mwisho wa mwezi mradi ulituma orodha ya zahanati, kuanzia iliyokifuata kishikwambi vizuri zaidi na kujaza kila kitu, na kwa haraka. Mwezi wa kwanza Gaudiosa alikuwa wa tisa. Wa tisa! Yeye! Alilala na hilo likamchoma kama kaa la moto, kwa kuwa mbele yake walikuwepo mabinti waliokuwa hawajazaliwa alipoanza kazi. Mwezi wa nne wa mradi akawa wa kwanza, na hakushuka tena.

Alipandaje? Hapo ndipo penye shida. Dakika moja ni ndefu mno pale akina mama sitini wanapokutazama kutoka kwenye mabenchi. Alianza kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Baadaye akahesabu robo dakika na kuzidisha mara nne. Kishikwambi hakikuona tofauti, kikang'aa kijani. Kwa mapacha aligundua kitufe. Waliokitengeneza walikusudia kinakili jina la mama na kijiji, ili nesi asiandike mara mbili, lakini kikibonyezwa mwishoni kilinakili kila kitu: joto, pumzi, kipimo, ugonjwa, dawa. Pacha wa pili alikuwa tayari kwa kubonyeza mara moja.

Sasa, mapacha kwetu Buhaya si jambo la mchezo. Ukimpa mmoja uji, mpe na mwenzake. Ukimnunulia mmoja shati, nunua mawili. Ukimbeba mmoja mbele leo, kesho mtangulize mwingine, kwani anayewatofautisha anajiitia balaa, na mabibi huja mpaka zahanati kuhakikisha hatofautishi mtu. Mwaka wake wa pili kazini Gaudiosa alimwandikia dawa pacha mmoja tu, aliyekuwa mgonjwa. Walipofika nyumbani bibi aliigawa kila dozi nusu kwa nusu, na mgonjwa nusura afe. Tangu hapo akajifunza: mapacha wakija, waandikie wote wawili. Ulikuwa ujanja wa huruma, na uliokoa watoto. Kitufe kiliukuta ujanja huo umeshakomaa.

Jumatatu moja ya Aprili mvua ilinyesha tangu alfajiri, na bado watu sitini na watatu walikuja. Mwenzake Gaudiosa alikuwa likizo. Vipimo vya malaria vilikuwa vimebaki kumi na kimoja. Ilipokaribia saa sita akaingia Joyness, binti wa miaka ishirini na mbili, ambaye tangu ajifungue hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Alikuwa Nyinabarongo, mama wa mapacha. Mume wake alikuwa visiwani kwenye kazi za dagaa. Alimbeba Kakuru, aliyetangulia kuzaliwa, na mama mkwe wake, Ephrasia, alikuwa na Kato mgongoni, amefunikwa blanketi mpaka kisogoni. Watoto walikuwa na miezi kumi.

"Wanakohoa wote, Ma Gaudiosa," Joyness alisema. "Homa wanayo wote. Lakini huyu Kato hata kunyonya hanyonyi vizuri."

Gaudiosa alisikia. Nataka hilo lieleweke. Alisikia kila neno, na mkono wake uliendelea kumvua Kakuru shati.

Alihesabu robo dakika: tisa. Mara nne, thelathini na sita. Pumzi nzuri kwa mtoto wa umri ule. Joto, thelathini na nane na nukta mbili. Akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, mistari miwili ikatokea. Kishikwambi kikasema malaria ya kawaida, apewe dawa ya mseto. Akamtazama Kato. Kumfungua yule kutoka mgongoni, kumwamsha, kumvua, kumhesabu, kutumia kipimo kingine kati ya vile kumi vilivyobaki, na nje watu wanakohoa kwenye matone ya paa. Wanalala chandarua kimoja, alijiambia. Mbu aliyemuuma Kakuru amemuuma na Kato. Akabonyeza kitufe.

"Waitu," Ephrasia akasema kwa heshima lakini kwa ukali, "umemchoma Kakuru. Kato je?"

Hapo ndipo Gaudiosa alipofanya lile ambalo baadaye lilimnyima hata kusali. Alikitoa kidole cha Kato kwenye blanketi, akakichoma, tone la damu likatokea, akalifuta kwa pamba na kuitupa kwenye ndoo. Mtoto hakulia. Ephrasia aliridhika, kwani mjukuu wake hakupunjwa.

"Wakola waitu," bibi alishukuru, na Joyness akapokea dawa za watoto wawili, sawa kwa sawa.

Haikuwa mara ya kwanza. Jozi nane za mapacha zilikuwa zimepita kwenye kitufe kile, na wote walipona, na kupona kwao ndiko kulikompumbaza.

Jumatano saa moja asubuhi, kabla Gaudiosa hata hajavua kandambili za matope, Joyness aliingia mbio bila hodi. Kakuru alikuwa mgongoni anachezea shanga za mama yake, mzima. Kato alikuwa mikononi, macho nusu, midomo imebadilika rangi.

Gaudiosa alimlaza mezani, akamfunua. Mbavu zilikuwa zikibonyea ndani kila anapovuta. Akaitazama saa ya marehemu, na safari hii aliuacha mshale mwekundu uzunguke wote. Sabini na mbili. Hakuhitaji chombo chochote. Hiki kilikuwa kichomi, nimonia kali, na hakikuanza jana. Mtoto hafiki hapa kwa usiku mmoja. Jumatatu, chini ya lile blanketi, kilikuwa tayari kinamla.

Akaingiza sabini na mbili kwenye kishikwambi. Kikageuka chekundu: malaria kali, mgonjwa aliyeanza mseto siku mbili zilizopita, achomwe sindano ya malaria, apelekwe hospitali haraka. Kilisema kweli kwa jinsi kilivyoambiwa. Gaudiosa alimchoma sindano hiyo. Kisha akaunyoosha mkono kwenye kabati kuchukua na dawa ya sindano ya mapafu, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanaona, akagusa kishikwambi ili aandike dawa hiyo, na kioo kikamwuliza: Sababu ya kutofuata ushauri?

Sababu ilikuwa moja tu, na hakuthubutu kuiandika.

Nje, Aroni alikuwa akipiga honi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mama mwenye uchungu wa kujifungua upande mwingine wa wilaya, na Aroni, ambaye pikapu yake ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi za kupeleka Bukoba, alikuwa amekubali kushusha nusu ya mzigo kwenye matope. Joyness alikuwa analia. Gaudiosa akairudisha ile chupa kabatini. Akajiambia hospitali ina vifaa vikubwa kuliko vyake, itaona yenyewe. Tazama jinsi mtu anavyoweza kujisukuma mwenyewe shimoni, hatua moja moja, kila hatua na sababu yake nzuri.

Aroni aliwapandisha mbele, Gaudiosa na Joyness na watoto wawili, maana kumwacha Kakuru nyumbani halikuwa jambo la kufikiriwa. Njia nzima Gaudiosa alimshika Kato wima kifuani pake ili apate hewa. Ziwa lilionekana pale Kemondo, likapotea. Joyness alisali kwa Kihaya, Salamu Maria moja baada ya nyingine, na Gaudiosa hakumwitikia. Alikuwa akihesabu. Hakuweza kuacha kuhesabu.

Walifika saa nne. Daktari wa wodi ya watoto alikuwa kijana aitwaye Projestus, mwenye macho mekundu ya kukesha. Alimwamkia Gaudiosa shikamoo kabla ya kitu chochote, akamvika mtoto kifaa kidoleni, akasikiliza kifua, kisha akageukia kompyuta yake. Taarifa za Kato zilikuwa zimeshafika, zimepangwa safi, Jumatatu na Jumatano. Chini yake, ile mashine ilikuwa imepanga magonjwa kwa uwezekano. Malaria kali ilikuwa ya kwanza, kwa mbali. Nimonia ilikuwa ya tatu.

"Kifua hiki sikipendi," daktari alisema polepole. "Lakini kipimo cha Jumatatu ni malaria, na pumzi zilikuwa thelathini na sita. Kama kingekuwa kichomi, Jumatatu zingekuwa zimeshapanda. Na malaria kali nayo humfanya mtoto apumue hivi." Akamgeukia. "Mama, hizi thelathini na sita ulihesabu wewe mwenyewe?"

Joyness alikuwa amesimama pembeni, Kakuru mgongoni, anamtazama Gaudiosa kwa imani yote.

"Ni kama ilivyoandikwa, daktari," Gaudiosa alisema.

Alimkumbuka Petro akimkana Yesu pale uani kwenye moto. Jogoo hakuwika, kwa kuwa hospitali haina jogoo. Kulikuwa na mlio tu wa mashine ya oksijeni ya mtoto mwingine, chumba cha pili, ambako vitanda vilikuwa vitatu na vyote vimejaa. Nani aingie chumba kile, hilo nalo kompyuta ilikuwa ikilishauri, na Kato, mgonjwa mwenye ugonjwa unaojulikana na dawa iliyokwisha kuanzwa, alikuwa wa nne kwenye mstari. Wakampa dripu, wakaendelea na dawa ya malaria, wakasubiri.

Saa tano. Saa sita. Damu iliyopimwa kwa hadubini ikarudi safi, haina mdudu hata mmoja, na moyo wa Gaudiosa ukaruka kwa matumaini kwamba sasa wataona wenyewe. Daktari akaitazama karatasi, akatikisa kichwa. "Mseto umeshawasafisha," alisema. Kila kweli iliyojitokeza, ile namba ya uongo iliipatia maelezo. Daktari hakuwa mjinga. Alikuwa anasoma alichoandikiwa na nesi wa kwanza katika orodha.

Gaudiosa alikaa kwenye benchi na kujitetea mbele ya baraza lililokuwa kichwani mwake. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Watasema alimchoma mtoto kidole bure. Watamweka ndani. Jina lake litatajwa mimbarini, litafika Izimbya, mama yake mzee atalisikia. Halafu akageuka upande wa pili: labda ni malaria kweli, labda Kato naye alikuwa nayo, labda dawa itashika jioni hii. Alitamani jambo hilo liwe kweli kwa nguvu ambazo hakuwahi kutamani kitu kingine maishani, hata kupona kwa mumewe. Huku akitamani, macho yake hayakutoka kwenye mbavu. Sabini na nne. Sabini na sita. Themanini.

Saa kumi kasoro Joyness alifungua kitambaa alichofunga kiunoni. Ndani kulikuwa na ndizi mbili za kuchoma, zimepoa. Akampa Gaudiosa moja.

"Kula, Ma Gaudiosa. Hujala tangu asubuhi," alisema. "Mungu akubariki. Nesi mwingine angetupandisha gari, akarudi zake nyumbani. Wewe umekaa na mwanangu kutwa nzima."

Gaudiosa aliipokea ndizi kwa mikono miwili. Aliishika hivyo kwa muda, kisha akaiweka benchini, akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya daktari.

"Daktari, futa."

"Nifute nini, mama?"

"Namba za Jumatatu. Zote. Si za Kato, ni za Kakuru. Kato sikumfungua hata blanketi. Sikumhesabu, sikumpima joto, sikumpima malaria. Nilibonyeza zikajinakili."

Projestus alimtazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Nyuma yao, Joyness alikuwa amesimama.

"Lakini ulimchoma," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuona kwa macho yangu. Ulimchoma kidole, damu ikatoka."

"Nilimchoma, mwanangu. Damu niliifuta kwa pamba nikaitupa. Nilimchoma ili bibi yake aridhike."

Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani ingekuwa afadhali mtu apige kelele. Daktari aligeukia kompyuta, akaondoa kipimo, akaondoa thelathini na sita, akaacha nafasi wazi. Orodha ikajipanga upya mbele ya macho yao kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya: nimonia kali, ya kwanza. Kato akapanda mpaka juu ya mstari wa oksijeni. Daktari alikuwa ameshaondoka mbio akiita dawa kwa sauti, na picha ya kifua ilipokuja, upande mmoja wote ulikuwa mweupe.

"Tungejua asubuhi—" Projestus alianza kusema alipokuwa akiitazama picha ile, kisha akakatisha, maana alilelewa vizuri. Lakini Gaudiosa alijua kuhesabu. Tangu saa nne mpaka saa kumi ni saa sita. Tangu Jumatatu mchana ni siku mbili na zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kwamba maradhi anayoyaficha mmoja yanaweza kuwa ya mwingine.

Kato alipumua oksijeni usiku ule na asubuhi iliyofuata. Alhamisi saa sita mchana akaacha.

Wazee wa kwetu hawasemi kwamba pacha amekufa. Ephrasia alipopokea mwili kwenye kibanja chao alisema, "Kato ameruka," na hakusema neno lingine siku ile. Gaudiosa alikwenda msibani. Wengine walimshauri asiende. Alikaa nyuma ya jiko, chini ya migomba, mpaka watu walipotawanyika, na hakuna aliyemfukuza wala aliyempa maji.

Barua ilikuja wiki ile ile: amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Baada ya barua akaja Mujuni, safari hii na mabuti. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mama, rekodi zako ndizo zilizokuwa bora kuliko zote," alisema. "Tulikuwa tunazitumia kama mfano. Mapacha walikuwa wangapi?"

"Jozi tisa, pamoja na hawa. Na watoto wengine nilihesabu robo dakika, wala sijui idadi yao."

Kijana alifuta uso kwa kiganja. Alisema atazitoa zote, lakini baadhi zilikuwa zimeshatumika kuifundisha mashine tangu Februari, na yeye mwenyewe hakuweza kusema zimefika wapi. Alimwonea huruma, hilo lilionekana. Alijionea huruma na yeye mwenyewe pia, kwani ndiye aliyekuwa akituma ile orodha kila mwezi.

Mwezi wa saba kahawa iliiva. Gaudiosa alikuwa nje ya nyumba yake, hatua chache kutoka zahanati asiyoruhusiwa kuingia, akitandaza buni kwenye mkeka, aliposikia hodi ya mchana. Alikuwa Joyness. Alikuwa amekonda, na Kakuru mgongoni alikuwa akikohoa. Kule zahanati kulikuwa na nesi mpya, binti mzuri, na kishikwambi kipya ambacho kitufe cha mapacha kilikuwa kimeondolewa.

"Karibu, Nyinabarongo," Gaudiosa alisema, naye akashtuka kwa kulitamka jina hilo.

Joyness hakujibu salamu. Alimfungua mtoto, akamvua shati, akamlaza kwenye kanga juu ya nyasi.

"Mhesabu," alisema. "Dakika nzima. Nami nitahesabu."

Gaudiosa alipiga magoti. Akaitazama saa ya marehemu, akasubiri mshale mwekundu ufike juu, akaanza. Kuku walipita kwenye buni hakuwafukuza. Midomo ya wote wawili ilikuwa ikicheza bila sauti. Mshale ukazunguka wote, ukarudi juu.

"Thelathini na mbili," Gaudiosa alisema.

"Thelathini na mbili," Joyness alisema.

"Ni mafua tu. Mfunike, mpe maziwa kwa wingi. Mbavu zikibonyea, mkimbize."

Joyness alimvika mtoto shati taratibu, kifungo kimoja baada ya kingine. Hakuinuka.

"Jumatatu ile," alisema, "Kato alikuwa na ngapi?"

Gaudiosa aligeukia mkeka, akaanza kuzitandaza upya buni zilizovurugwa na kuku.

"Niambie. Sikuja kugombana. Daktari alisema zikiwa zimepanda kidogo tu, dawa ya mapafu humponya mtoto, hata nyumbani. Nataka kujua kama zilikuwa bado chache. Nataka kujua kama siku ile ningekuwa naye bado. Wewe ndiye uliyekuwepo, Ma Gaudiosa. Zilikuwa ngapi?"

Angeweza kumtajia namba yoyote. Hamsini na tano ingesema angepona. Sabini ingesema kifua kilikuwa kimeshaharibika. Zote mbili zilifika mpaka ulimini, na mama yule angezipokea, angekwenda nazo nyumbani, angelala nazo maisha yake yote.

"Sijui, mwanangu," Gaudiosa alisema. "Sikumhesabu."

Joyness alimfunga Kakuru mgongoni, akamfunika blanketi, kisha akalishusha kidogo ili pumzi zake zionekane, akaondoka.